Nadhiri ya Filamu Mia

 Wasikilizaji wapenzi, nakusalimuni nyote, mlio barazani na mlio jikoni, mlio dukani mkimngojea mteja wa mwisho, na mlio safarini ndani ya gari ambalo dereva wake, kwa hisani yake, bado hajaibadilisha stesheni. Mazungumzo yangu ya leo si ya siasa wala si ya bei ya sukari. Ni mazungumzo ya nadhiri moja niliyojiwekea mwenyewe, pasi na kulazimishwa na mtu, nayo ni nadhiri ya kutazama filamu mpya mia moja ndani ya mwaka mmoja. Nitakuhadithieni kwanza nadhiri hiyo ilikujaje, kisha nitakuelezeni ilinipa nini na ikaniharibia nini, na mwisho nitakiri mbele yenu idadi niliyoifikia, ambayo, nakwambieni mapema ili msije mkanicheka kwa ghafula, si mia.

Basi, ilikujaje? Mimi, wasikilizaji, ni mtu wa senema tangu utotoni, na kama walivyo wengi wa umri wangu katika mji huu wa Unguja, nililelewa na filamu za Kihindi, ambazo nyimbo zake tuliziimba kwa ufasaha mkubwa ilhali hatukujua maana ya maneno yake. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, na Mother India, iliyotoka mwaka 1957, ambamo Nargis anaikokota plau kwa bega lake mwenyewe mahali pa ng'ombe, nimezitazama mara ambazo Mola peke yake ndiye ajuaye idadi yake. Na usiku mmoja, nilipokuwa naitazama tena Mother India, nikipakaribia taratibu mahali pale ambapo mama anauelekeza mtutu kwa mwanawe, mke wangu alipita na sinia la vyombo, akanitupia jicho, akasema, "Bwana, bado dakika tano utalia." Nikalia, wasikilizaji, na nilipotazama saa, dakika zilikuwa tano. Ndipo nilipojiuliza: ikiwa hata machozi yangu yamekwishapata ratiba, je, mimi natazama senema, au naikariri?

Kesho yake nilinunua daftari kubwa la mistari, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: filamu mia, mpya zote, mwaka mmoja.

Lakini hapa lazuka suala, na naomba tulitue kidogo: filamu mpya ni ipi? Je, ni ile iliyotoka mwaka huu, ambayo mabango yake bado yana unyevu wa gundi? Au ni ile ambayo mimi sijapata kuiona, hata kama aliyeitengeneza alikwisha kufa kabla ya kuzaliwa kwangu? Mzee wa miaka themanini akija kupiga hodi mlangoni kwako, nawe hujapata kumwona maisha yako, je, humwiti mgeni kwa sababu ya mvi zake? Utamwita mgeni, na utamtandikia mkeka. Kwa hivyo nilikata shauri kwamba filamu mpya ni ile iliyo mpya kwangu mimi, na kwa hukumu hiyo mlango ulifunguka hadi mwanzo wa fani yenyewe, yaani usiku ule wa tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ambapo ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonesha watu kwa kiingilio, ndani ya chumba cha chini cha mkahawa mmoja, filamu kumi, kila moja haitimizi hata dakika moja. Fikirini, wasikilizaji: aliyekuwako usiku ule alitazama filamu mpya kumi katika kikao kimoja, akarudi nyumbani mapema! Laiti ningalizaliwa wakati huo, nadhiri yangu ningaliimaliza kwa siku kumi.

Masharti niliyojiwekea yalikuwa matatu. La kwanza ndilo hilo, kwamba filamu iwe mpya kwangu. La pili, kwamba niitazame tangu mwanzo hadi mwisho, simu ikiwa chumba cha pili, pasi na kurukisha pale panapochosha. Na la tatu, kwamba kabla ya kulala niandike katika daftari jina lake, mwongozaji wake, nchi yake na mwaka wake. Ama hesabu yake ni nyepesi: filamu mbili kila wiki, na mwaka una wiki hamsini na mbili, zatimia mia na nne, kwa hivyo mtu ana ruhusa ya wiki mbili za homa na arusi za watu. Nilisahau jambo moja tu, nalo ni kwamba mwezi wa Ramadhani hauna wiki mbili.

Sasa nikuelezeni nadhiri hiyo ilinipa nini, na katika hili nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu.

Kitu cha kwanza ilichonipa ni kunitoa nyumbani. Mtu mwenye mia ya kutimiza hawezi kuchagua sana. Akimaliza anavyovipenda hulazimika kubisha kwenye milango asiyoizoea. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mjapani mmoja aitwaye Yasujiro Ozu, katika filamu yake ya mwaka 1953 iitwayo Tokyo Story, ambayo kisa chake, ukikieleza kwa haraka, si kisa: mzee na mkewe wanasafiri kutoka mji wao wa pwani kwenda Tokyo kuwatazama watoto wao, na watoto, ambao si waovu, wana kazi nyingi, kwa hivyo wanawatuma wazee wao wakapumzike penginepo, na anayewapa wasaa, akaomba ruhusa kazini ili awatembeze mjini, ni mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Basi. Hapana bunduki, hapana kukimbizana, na steringi, kama tulivyomwita shujaa wa picha tulipokuwa watoto, hayuko. Lakini Ozu aliiweka kamera yake chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa mkekani, na mimi niliyekuwa nimekaa mkekani niliwaona wale wazee wa Kijapani wakiwa sawasawa mbele yangu, kana kwamba wamekuja kunizuru mimi baada ya kukosa nafasi kwa watoto wao. Usiku ule ule nilimpigia simu mama yangu mdogo aliyeko Pemba, ambaye nilikuwa sijamjulia hali kwa miezi miwili.

Kitu cha pili ilichonipa ni hiki, na sidhani kwamba ningalikijua kama ningalitazama filamu tano au sita tu: filamu zikiwa nyingi, huanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Nikupeni mfano wa baiskeli. Katika filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, inayojulikana kwa Kiingereza kama Bicycle Thieves, baba mmoja wa Roma, baada ya kukaa muda mrefu bila ya ajira, anapata kazi ya kubandika mabango mitaani, kazi ambayo sharti yake ni kuwa na baiskeli. Na siku ya kwanza tu, akiwa juu ya ngazi anabandika bango la senema, baiskeli yake inaibiwa, na filamu yote iliyobaki ni yeye na mwanawe mdogo wakiitafuta mji mzima. Aliyecheza nafasi ya baba huyo hakuwa mwigizaji hata kidogo. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na uso wake hauna hila.

Miezi miwili baadaye nilitazama Wadjda, ya mwaka 2012, ya Bibi Haifaa al-Mansour wa Saudia, ambamo binti mdogo wa Riyadh anatamani baiskeli ya kijani ili ashindane na mtoto wa jirani, na kwa kuwa fedha hana, anaingia katika mashindano ya kusoma Kurani apate zawadi ya kuinunulia. Mwongozaji mwenyewe, kwa vile mila za huko hazikumruhusu kuchanganyika na wanaume barabarani, aliziongoza baadhi ya picha za mtaani akiwa amejificha ndani ya gari, akitoa amri zake kwa redio ya mkononi. Sasa tazameni: Roma mwaka 1948, baba anaitafuta baiskeli ili mwanawe ale, Riyadh mwaka 2012, binti anaitafuta baiskeli ili naye apite barabarani kama wapitavyo wengine. Hawakujuana watu hawa, lakini katika daftari langu wamekaa kurasa chache kutoka kwa wenzao, na kila nilipomfikiria mmoja, wa pili aliinua kichwa.

Na wa tatu akaja pasi na kuitwa, naye ni wa kwetu. Enzi za utoto wangu, nakala moja ya filamu iliweza kuoneshwa katika majumba mawili ya senema usiku mmoja, na palikuwa na kijana wa baiskeli ambaye kazi yake ilikuwa kuzichukua rili zilizokwisha kuoneshwa jumba hili na kuzikimbiza jumba la pili, huku watazamaji wa kule wakingojea gizani. Na akichelewa, ukumbi mzima ulimpigia miluzi, yeye asiyeisikia, maana yungali njiani anakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nimemsahau kijana yule kwa zaidi ya miaka hamsini. Mtaliana mmoja na bibi mmoja wa Kisaudia ndio walionirejeshea.

Kitu cha tatu, nitakitaja kwa ufupi, ni kuuona mji wangu kwa jicho la pili. Nilitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, yenye kisa cha Yasmini anayeikimbia ndoa na Denge aliyejitosa katika harakati za uhuru, katika Unguja ya miaka ya 1950. Nakiri kwamba mara nyingi sikuwafuata Yasmini na Denge hata kidogo, macho yangu yalikuwa ukutani na milangoni, nikisema peke yangu, "Kwani uchochoro huu si ule wa kwa fulani?"

Basi, wasikilizaji wapenzi, hizo ndizo faida. Nadhiri ilinitoa nyumbani, ilizikutanisha filamu za mbali zikaamkiana, na ilinirejesha nyumbani nikiwa na macho mengine. Lau ningalikomea hapo mngalisema, Alhamdulillahi, mzee amefaulu. Lakini niliahidi kukuelezeni na hasara zake.

Mwezi wa Ramadhani niliiweka kando senema, na ulipokwisha, nilipolifungua daftari, nikajiona nimebaki nyuma kama chombo kilichokosa upepo. Ndipo uliponiingia ulafi. Nilianza kuchagua filamu kwa urefu wake, au tuseme kwa ufupi wake. Nilitazama mbili kwa usiku mmoja, na siku ya Jumapili tatu. Nilikuwa naitazama ya kwanza huku moyo uko kwenye ya pili, na maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha niliyasoma kama asomavyo mtu risiti. Mke wangu alinitazama siku kadhaa, kisha akasema kwa upole, "Bwana, wewe hutazami tena. Wazivua kama dagaa." Nilimjibu kwamba idadi yaenda vizuri. Naye akasema, "Ya dagaa nayo huenda vizuri."

Mwisho wa mwezi wa saba daftari lilisoma sitini na tatu, nami nilikuwa na furaha kubwa. Jioni moja mjukuu wangu, binti wa miaka tisa ambaye ndiye ajuaye kuuwasha mtambo wetu wa kutazamia, alikaa karibu nami akaniuliza, "Babu, ile filamu ya mtoto aliyechukua daftari la mwenziwe kwa makosa, ile niliyoambiwa nikalale, iliishaje?"

Niliijua anayoiulizia. Ni filamu ya Kiirani ya Abbas Kiarostami, ya mwaka 1987, ambayo jina lake ni suala: Nyumba ya Rafiki I Wapi? Nikafungua kinywa nimjibu, na kinywani hamkuwa na kitu. Nilikumbuka kwamba mtoto alikimbia juu ya kilima. Alikwenda wapi? Alimpata mwenziwe au hakumpata? Nikalifungua daftari, nalo lilikuwa na jina, mwongozaji, nchi na mwaka, kama nilivyojishurutisha, na pasi na neno la zaidi. Katika senema picha 24 hupita kila sekunde, na filamu ile, japo ni fupi, ina picha laki moja na ushei. Zote zilinipitia machoni, nami sikushika hata ya mwisho. Mtoto akangoja, kisha akasema kwa adabu, "Haidhuru, Babu," akaondoka. Ile "haidhuru" ilinichoma kuliko miluzi ya ukumbi mzima.

Usiku ule sikutazama kitu. Nilikaa barazani, na nikakumbuka jambo la utotoni ambalo nataka mnisikilize kwa makini ninapolieleza, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo.

Tulikuwa watoto watano wa mtaa mmoja, na kila mmoja wetu aliweza kupata peni moja kwa wiki, na peni tano zikikusanywa ndizo zilizotimia kiingilio cha viti vya mbele. Kwa hivyo tulipiga kura, na yule aliyeangukiwa na kura aliingia jumba la senema la Majestic siku ya Jumapili kwa niaba yetu sote. Lakini tikiti ile haikuwa zawadi, ilikuwa deni. Baada ya sala ya Isha alitakiwa aje barazani akaihadithie filamu yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na nyimbo aziimbe, na ngumi azirushe, na steringi akilia naye alie. Wanne tuliobaki tulimkalia kama makadhi. Akiruka mahali, tulimrejesha: "Kisha? Na yule mama je? Na farasi alikwenda wapi?" Na akishindwa tulisema amekula peni zetu, na safari ya pili alilipa mbili.

Siku moja kura iliniangukia mimi, nami, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimekula wali wa nazi mwingi mchana ule, na baada ya mapumziko nililala usingizi fofofo hadi taa zilipowashwa. Nifanye nini? Jioni nilikwenda barazani nikaihadithia nusu ya kwanza kama ilivyokuwa, na nusu ya pili nikaitunga, na katika utungo wangu nilimwua steringi, kifo kizuri sana, mvua ikinyesha. Wenzangu wote wakainama kwa huzuni. Kwa siku tatu mtaa wetu ulikuwa msibani. Siku ya nne akaja kaka wa mmoja wetu, aliyeiona filamu ile ile, akatuambia kwamba steringi hakufa, bali alioa, na kwamba tangu lini steringi akafa? Nikanyimwa kura miezi mitatu.

Nililikumbuka hilo, wasikilizaji, na nikaelewa kilichonipata. Zile filamu nilizoingia kwa peni za wenzangu, ghairi ya ile niliyoilalia, ningali ninazo hadi leo, na mkiniamsha usiku wa manane nitazihadithia. Kwa nini? Kwa sababu nilizitazama nikiwa na deni. Nilijua kwamba watu wanne wananingojea barazani, na jicho la mwenye kudaiwa halisinzii. Na zile sitini na tatu nilizitazama kwa nani? Nilizitazama kwa daftari, na daftari halisemi, "Kisha? Na yule mama je?"

Basi kesho yake niliongeza sharti la nne: filamu haihesabiwi mpaka ihadithiwe, kwa mtu aliye hai, naye awe na haki ya kuuliza. Nikamwita mjukuu wangu nikampa kalamu, nikamwambia, "Soma majina, mama, na kila nitakayoshindwa kuihadithia, ifute." Alizifuta kumi na tisa. Alizifuta kwa rula, mstari mmoja mmoja, kwa uadilifu ambao sijauona mahakamani.

Tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwaka nilitazama nyingine thelathini na saba, kwa mwendo wa taratibu, na kila moja niliilipa: nyingine kwa mjukuu wangu, zile zisizomfaa mtoto kwa mke wangu, na nyingine kwa kinyozi wangu, ambaye ni hakimu mkali, na ana wembe mkononi. Fanyeni hesabu wenyewe. Macho yangu yaliona mia kamili. Ulimi wangu uliweza kulipa themanini na moja. Hiyo ndiyo idadi niliyokuahidini, na nimeitaja bila ya kuona haya.

Ama ile filamu ya Kiirani, niliitazama upya pamoja na mjukuu wangu, ingawa kwa sharti la kwanza haikuwa mpya tena na haikuweza kuhesabiwa. Yule mtoto, Ahmad, anaijua hukumu ya mwalimu wao: mwenziwe akija tena bila ya kazi yake ndani ya daftari, atafukuzwa skuli. Anakimbia hadi kijiji cha pili kulirejesha, anauliza kila mlango, usiku unaingia, na nyumba ya rafiki haioni. Anarudi kwao na daftari lile. Na asubuhi, mwalimu anapopita akikagua, Ahmad anaingia amechelewa, anampa mwenziwe daftari, na ndani yake kazi imekwishaandikwa, maana ameiandika yeye usiku. Na katikati ya kurasa, pale mwalimu anapofungua, mna ua dogo lililokauka. Hapo ndipo inapoishia. Mjukuu wangu akapiga makofi, nami nikatokwa na machozi, na mke wangu, aliyekuwa akiijua saa ya machozi yangu, mara hii hakuijua.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wangu unakaribia kwisha, kwa hivyo niyakusanye niliyoyasema. Kama mnataka kujiwekea nadhiri ya namna hii, wekeni. Idadi ina faida, kwa kuwa humsukuma mtu kwenye milango asiyoizoea. Si lazima iwe mia. Moja kwa wiki ni hamsini na mbili, nayo ni safari ndefu. Chagueni zilizo mpya kwenu, hata zikiwa na mvi. Lakini kabla ya kuwasha mtambo, mjue kwanza mtatazama kwa ajili ya nani, yaani ni nani atakayekungojeeni barazani akiwa na masuala yake.

Na mimi nimekwishaanza mwaka wangu wa pili. Daftari ni jipya, na safari hii nataka kukopa kwenu nyote. Yeyote atakayenikuta Darajani, au kivukoni, au kwa kinyozi, ana ruhusa ya kunisimamisha na kuniuliza habari ya filamu yoyote niliyoitaja jioni hii, au ya ishirini na tatu ambazo nimekwishaziandika tangu mwaka uanze. Nikishindwa, na anifutie; nimeanza kutembea na kalamu na rula mfukoni.